Isiguswe na Mtu Mwingine: Maisha ya Patrobas Opicho

Mchungaji, shemeji yangu Selpher, jamaa, majirani wa Lucky Summer na wenzetu mliotoka kazini kwake, mimi ni Mulongo, mdogo wa marehemu, na familia imenichagua kusoma kwa kuwa mwandiko wangu ndio unaosomeka.

Patrobas Opicho alizaliwa tarehe 14 Machi 1964 katika nyumba za reli, Makongeni, kifungua mimba wa baba yetu aliyekuwa fundi wa garimoshi, akaanza shule ya msingi huko huko mwaka wa 1971, akamaliza kidato cha nne mwaka wa 1981, kisha akasomea mitambo hadi diploma mwaka wa 1985.

Tarehe 3 Februari 1986 aliajiriwa katika maabara moja ya serikali, Eneo la Viwanda, apime jinsi aluminiamu iliyochanganywa na silikoni inavyostahimili kuchakaa, yaani anapima uzito wa kijiti cha madini hayo, anakikandamiza juu ya sahani ya chuma inayozunguka kwa saa nne, anakipima tena, na uzito uliopotea ndio unaosema pistoni ya aina hiyo italika vipi ndani ya injini ya lori.

Alifunga ndoa na Selpher Nasambu tarehe 22 Desemba 1990, wakajaliwa Triza mwaka wa 1992 na Jecinta mwaka wa 1995, nao walikua wakijua kwamba baba akichelewa, kijiti bado hakijamaliza kulika.

Mwezi Mei 1996 ofisa mmoja mgeni aliegemea mkono wa mashine ili apigwe picha, ukavunjika, na kaka yangu kwa hasira akaandika katika kitabu cha mashine kwamba isiguswe na mtu mwingine ila P. Opicho, akatia sahihi, akapiga na muhuri, na hapo kwenye muhuri ndipo alipokosea. Mwaka wa 1999 rafiki yake Kabiru, anayesubu pistoni kwa kumimina madini kwenye kalibu kule Shauri Moyo, alimtaka waendeshe karakana pamoja, Patrobas akaomba kustaafu mapema, ofisi ikamjibu kwamba hawezi kuachiliwa kabla mrithi wake hajafundishwa, na mrithi hawezi kufundishwa kwa mashine asiyoruhusiwa kuigusa. Aliomba angalau sentensi yake ifutwe, akaambiwa anayefuta ni mkuu wa kitengo, na kiti cha mkuu wa kitengo kilikuwa hakina mtu, wala hakikupata kwa miaka ishirini na mitano. Kila Jumamosi Kabiru alimuuliza, "Opicho, wamekufungua?" naye akajibu, "Bado, ndugu yangu, nilijifungia mwenyewe na kwa muhuri."

Alipotimiza miaka sitini tulikata keki, na Jumatatu yake akapewa mkataba wa mwaka mmoja, barua ikitaja maandishi ya 1996, akaukubali kwa sababu, alisema, hawezi kuwaachia watu wa malori pistoni ambazo hazijapimwa. Wakati huo alikuwa na msaidizi, Nzilani, aliyejifunza kazi kwa miaka mitatu akiwa amesimama, mikono nyuma.

Agosti 2024 alianza kuugua mapafu. Tarehe 2 Februari 2025 Nzilani alifika wodini na kitabu, kwa kuwa mkuu wa kitengo amepatikana na amemruhusu marehemu afute mwenyewe maandishi yake, ila aandike jina la atakayemfuata, moja tu. Kaka aliomba miwani, akafuta, na penye jina akaandika "yeyote aliyefundishwa". Nzilani akamwambia, "Mzee, hiyo watairudisha," naye akamjibu, "Wacha wairudishe, binti yangu, jina lako likiingia hapa hutoki."

Alitutoka Alhamisi, tarehe 6 Februari 2025, alfajiri.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliopika na kukesha nasi, na wenzake wa maabara, akiwemo Nzilani, aliyepewa ruhusa ya siku nzima kuwa nasi hapa, kwa kuwa maandishi yale hayakurudishwa, na kule sahani inazunguka chini ya mikono ya mwingine aliyefundishwa.

Nenda ukapumzike kwa amani, kaka. Mashine iko na mtu.