Kontena, Askofu na Miungu ya Wayunani

Kijiwe chetu huku ughaibuni, mjini Arlington, ni benchi la zege mbele ya chumba cha mashine za kufulia. Kila Jumapili tunakunywa kahawa ya tangawizi kutoka kwenye chupa ya chai na kubishana mambo yasiyotuhusu. Jumapili moja ya mwaka 2006 jambo lilituhusu. Zéphyrin, Mkongo tunayemwita Kontena kwa kazi yake ya ghalani Grand Prairie, alitakiwa kujibu kesho yake kama bintiye Carmel ataingia shule ya Walutheri. Huko watoto husoma Kilatini na hadithi za miungu ya Wayunani. Kontena ni mlokole, na hiyo miungu ilimnyima usingizi.

— Tulikimbia Uvira na Mungu mumoja tu, akasema. Sasa banataka kumuletea mutoto kumi na mbili?

Kariuki, Mkenya tunayemwita Daktari ingawa bado anasomea unesi, akacheka.

— Relax, buda. Latin ni ya medicine. Carmel ata-graduate akiwa cardiologist.

— Acha uongo, akasema Melkiori wa Moshi, Mlutheri wetu pekee, ndiyo maana akaitwa Askofu. Agano Jipya liliandikwa Kiyunani. Tunawasoma Wayunani ili tuisome Biblia vizuri.

— Kumbe bila Wagiriki mngekuwa kwaya ya Wakatoliki! Daktari akatania.

— Sikiliza. Yule mtawa wetu Mjerumani, aliyelianzisha kanisa letu, alimtukana mwanafalsafa wa Kiyunani matusi ya nguoni. Rafiki yake akaendelea kufundisha vitabu vya mwanafalsafa huyo darasani. Wokovu hatuupati kwa Wayunani. Kupanga mawazo, ndiyo.

— Hata Paulo ali-quote washairi wao, Daktari akadakia.

— Paulo alikuwa mukubwa! Carmel iko na miaka tisa.

— Latin ni kinga, bro. Shetani haijui.

— Anaijua, akasema Askofu. Kakaa Roma miaka mingi.

Hapo akafika Loice, muuguzi, na kapu lake la nguo, akiwa ametusikia.

— Mwanangu Lenny alisoma shule hiyo. Miungu si shida, Baba Carmel, ni hadithi tu. Kazi ni katekisimu: Amri Kumi, Imani, Baba Yetu. Mwalimu hu-check tu. Mzazi ndiye humuuliza mtoto na kumweleza, kila jioni mezani. Carmel hula supper na nani?

Jibu tulilijua sote. Kontena huingia ghalani saa nane mchana. Bibiche, mkewe, hulea wazee wa watu mpaka usiku. Carmel hupasha wali wake mwenyewe, akala mbele ya televisheni. Nilimwonea huruma rafiki yangu.

Askofu akainua chupa ammiminie kahawa. Kontena akafunika kikombe kwa kiganja.

— Nguo zangu zimekauka, akasema, akaingia ndani.

Kupitia dirisha tulimwona amesimama mbele ya mashine yake ya kukaushia, ingali inazunguka.