Wadudu wa Mabwawa ya Nyamuhoza

Mgeni rasmi, Mheshimiwa. Viongozi wa meza kuu. Majirani zetu wa Buzebazeba na Rusimbi, tunawasalimu kwa Kiha: mwakeye.

Karibu Kigoma, na karibu mahali ambapo wageni huwa hawaletwi. Wengi hupita barabarani wakifunga vioo. Wewe umeshuka kwenye gari, na sisi tunaotunza mabwawa haya ya majitaka tumefarijika, ingawa leo hatuna furaha ya kukukaribishia.

TULIKOTOKA

Kabla ya mabwawa haya, magari ya kunyonya vyoo yalimwaga mzigo wake korongoni, na korongo likaupeleka mtoni. Mto Nyamuhoza ni mfupi. Ukitoka hapa unaingia ziwani karibu na Kibirizi, pale akina mama wanapoosha dagaa na kuteka maji ya kupikia. Kipindupindu kilikuwa na msimu wake, na kila nyumba ilikijua.

TULICHOFANIKIWA

Uchafu huingia bwawa la kwanza, hutulia, hupita la pili na la tatu, na kazi yote hufanywa na wadudu. Ndivyo tunavyoviita vile viumbe visivyoonekana kwa macho, ambavyo hula uchafu. Kazi yetu ni kutoa matambara na chupa kwenye chujio, kufyeka majani na kuwaacha wadudu waendelee kula. Maji yalikuwa ya kijani, yenye uhai, na vyura walirudi mtoni. Wengi wetu tuna ndugu kule chini mtoni, kwa hiyo hatukuhitaji kusimamiwa.

LILILOTUPATA

Mheshimiwa, risala iliyopitishwa ilikuwa na aya ndefu ya shukrani hapa. Utuwie radhi, tunairuka. Harufu ya malimau unayoisikia ndiyo msiba wetu.

Wiki iliyopita kamati ya maandalizi ya ziara yako ilikuja kukagua. Msimamizi wetu, Mzee Elikana, akawaambia kwa fahari, "Mabwawa yetu yana wadudu wengi mno!" Yeye alikuwa anasifia. Wao wakasikia aibu. Kesho yake wakaleta vibarua na madumu ya dawa ya kuulia vijidudu, yenye harufu hii ya malimau. Mzee akasimama mbele ya bwawa la kwanza akiwasihi, "Jamani, hawa ndio wafanyakazi wenyewe!" Akajibiwa, "Mzee, mgeni rasmi anakuja, na wewe unafuga wadudu?" Watu wakacheka, na dawa ikamwagwa mabwawa yote.

Sasa maji yana rangi ya majivu, na uchafu unafika bwawa la mwisho kama ulivyoingia la kwanza. Tumefunga koki ya kutokea mtoni, lakini mji haujaacha kwenda chooni, na bwawa la mwisho limejaa hadi ukingoni. Tumebisha hodi kila ofisi. Tumeambiwa tusiharibu sherehe. Tumechoka, Mheshimiwa, na tunaogopa.

TUNAYOOMBA

Tunaomba tope lenye wadudu hai kutoka mabwawa ya mji mwingine, lije kwa malori, tuanze upya kama mtu aliyeomba hamira kwa jirani. Tunaomba pia kingo ziinuliwe kabla ya mvua. Tunajua mambo haya huchukua muda, na hatuna tumaini kubwa.

Ombi la leo ni moja. Ratiba inasema kwamba baada ya risala hii utafungua koki, maji safi yatiririke mtoni, na wapiga picha wapige. Koki ni lile gurudumu lililofungwa utepe. Maji yaliyo nyuma yake si safi. Tunakuomba usilifungue.

Na kama ratiba haibadiliki, maana tumeshaziona ratiba nyingi, basi tunakuomba ulizungushe polepole. Mwenzetu Spesiosa ameshuka mtoni kwa miguu kuwaambia akina mama watoe ndoo na masufuria yao majini. Mama yake mzazi ni mmoja wao. Tumekubaliana atupigie simu akifika, na mpaka tunamaliza kusoma hapa, simu haijaita.

Mungu akufikishe salama uendako, na awakumbuke walio chini ya mto.

Ni sisi,
Wafanyakazi wa Mabwawa ya Nyamuhoza.
Imesomwa kwa niaba yao na Clementina Harerimana.