Chai ya Mama Vinny Huisha Alhamisi

Pale Kimulot, nje ya kituo cha kuuzia majani chai, kuna benchi lililosuluhisha matatizo yote ya dunia isipokuwa ya wanaolikalia. Ni hapo pekee network inaposhika. Wanachama wa kudumu ni Kimeli, aitwaye Mbunge kwa kushindwa uchaguzi wa kamati ya josho mara mbili, na Omosa, aitwaye Dokta kwa kuuza dawa ya minyoo ya ng'ombe. Wilkista, Mama Vinny, huwauzia chai. Alhamisi hiyo saa tisa alikuwa na earphone moja chini ya kitambaa cha kichwa. Wiki sita alikuwa amesikiliza kikao cha wamama kwa simu bila kufungua mdomo, kwa sababu ya masikio ya hawa wawili wa kudumu. Leo ilikuwa zamu yake ya kuongea.

— Mmeona karatasi ya dispensari? Mbunge akaanza. Ati wamama wa miaka hamsini kwenda juu, wale wako na virusi, wanapewa ushauri kwa simu. Ya stress.

— Nyanya hana stress, Dokta akasema. Kogo, nyanya wetu, ako na magoti.

— Na hiyo virusi kogo alitoa wapi?

— Ni simu. Inachoma sikio, damu inabadilika. Hata ng'ombe ukimwekea redio anapunguza maziwa.

Wilkista akamimina chai. Virusi yeye alivitoa kwa mumewe, shemasi, ambaye Mbunge mwenyewe alimsifu kaburini nusu saa nzima.

— Wanarekodiwa, Mbunge akaendelea. Stress inauzwa majuu. Huko wako na kila kitu, shida ndio hawana. Wahenga walisema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

— Hapo umesema. Mimi bibi yangu akiwa na stress, namwambia aende achume chai. Inaisha.

— Inaisha kabisa?

— Hasemi tena.

Sikioni, msichana mshauri wa dispensari akauliza taratibu:

— Mama Wilkista, leo uko aje?

Miaka kumi na tisa benchi hilo limemuuliza kama kuna sukari, kama kuna mandazi. Swali hilo halijawahi kumuuliza. Akafunga thermos, ingali nzito kwa chai.

— Chai imeisha, akasema.

— Imeisha aje, Mama Vinny, na ni saa tisa?

— Imeisha, Mbunge.

Wakaondoka wakinung'unika, wakahamishia bunge lao kwa posho mill. Wilkista akakaa kwenye benchi, akajimiminia kikombe.

— Siko sawa, msichana wangu, akamwambia mshauri. Uko na muda?