Pipa la Kwanza la Gundel

Benchi la mbele ya kiwanda cha bia cha akina Hofbeck lina wenyewe, na jua likishapoa wenyewe huwa wamefika: Veit Sharubu, Lorenz anayeitwa Askofu kwa kuwa kanisani haonekani, na Ottmar Injinia, fundi wa matrekta. Jumamosi hiyo walikuwa wanakunywa pipa la kwanza alilopika Gundel, binti wa nyumba hiyo, peke yake tangu baba yake astaafu. Gundel alisimama dirishani akijifanya anafuta magi, masikio yote nje. Alitaka neno moja tu kuhusu bia yake. Lakini wazee wa Franken, huku Ujerumani, huona haya kusifia bia hadharani, kama kumbusu mkeo sokoni. Wakakimbilia historia.

— Walioanza kupika hapa ni watawa, alisema Sharubu. Wakati wa mfungo kula marufuku, kunywa ruksa. Wakatafuta kinywaji cha kushibisha.

— Watawa wapi! Askofu akadakia. Ni Waswidi. Enzi za vita walikuja kutuchoma moto, wakapewa bia, asubuhi hawakumbuki walichofuata.

— Na mienge yao?

— Tukawashia tanuri la bia.

— Acheni fiksi nyie, alisema Injinia. Bia ilikuwepo kabla ya kijiji. Huo mlima mnaouona si mlima, ni machicha ya kimea. Babu zangu walikamua wakitupa, walikamua wakitupa, mpaka msitu ukaota juu.

— Na pango la kuhifadhia mapipa alichimba nani?

— Panya.

Sharubu alicheka mpaka povu likampanda puani. Gundel hakucheka. Labda kimea kiliungua. Labda wanamwonea huruma, na huruma ndiyo asiyoitaka kabisa.

— Gundel mwanangu, ongeza!

Akaongeza. Ndipo mama mmoja mgeni, jasho likimtiririka, akaegemeza baiskeli yake ukutani.

— Habari za jioni, wazee. Eti, bia ya hapa nzuri?

Askofu akakohoa. Injinia akautazama mlima wake.

— Haya, nipeni moja nionje mwenyewe.

Gundel akafungua bomba. Likatoa upepo mtupu.

— Imekwisha, akasema.

— Imekwisha? Askofu akasimama, uso umemwiva. Mpishi gani wewe, binti? Pipa kama hili la baba yako lilikuwa linatufikisha Jumatatu!

Gundel akageuka upesi wasimwone uso. Tangu azaliwe hajawahi kugombezwa akafurahi namna ile.