Dada Yetu na Galaksi Ndogo

Ndugu na marafiki, mimi ni mdogo wake wa mwisho, nimepewa kazi ya kusoma maisha ya marehemu dada yetu, naomba mnivumilie, maana kile kiti kitupu hapo mbele nimekiona kama mlivyokiona, na minong'ono yenu nimeisikia tangu asubuhi.

Dada alizaliwa tarehe 9 Machi 1968, katika chumba cha nyuma cha duka la baba la ushonaji, akasoma shule ya msingi mtaa wa pili, kisha sekondari ya bweni, na mwaka 1993 akahitimu shahada ya fizikia, akaajiriwa katika kituo cha utafiti wa anga, ambako wenzake walimbandika jina la Mama Gesi. Kazi yake, kwa lugha yetu sisi wengine, ilikuwa kuuliza kama galaksi ndogo, yaani kundi la nyota na gesi, inayoizunguka galaksi kubwa, bapa kama sahani, inaweza kuivuruga gesi ya ile kubwa mpaka ipunguze mwendo na kuvutwa katikati, ambako huzaa nyota mpya.

Tarehe 14 Agosti 1999 alifunga ndoa na shemeji yetu, wa meza ya jirani kituoni, aliyeshikilia kwamba gesi hujiendea yenyewe na kidubwana kile hakina ubavu huo, wakajaliwa mabinti wawili waliokulia katikati ya ubishi huo, na mimi, sifichi, sikumpenda kwa kumbishia dada miaka yote.

Mei mwaka jana aligundulika ana saratani ya kongosho, na Februari mwaka huu, akiwa tayari kwenye kiti cha magurudumu, akaanzisha hesabu yake ya mwisho kwenye kompyuta ya kituo, kulinganisha galaksi moja iliyo peke yake na nyingine yenye mwenzake mdogo, hesabu ya miezi mingi ambayo ikikatika inaanza upya. Alifariki Jumanne, tarehe 3 Juni 2025, na binti mkubwa anasema neno lake la mwisho kwa mumewe lilikuwa usiniambie umekubali, nenda ukailinde hesabu.

Kituoni kwao anayeipinga hesabu ndiye anayekaa nayo mpaka iishe, asije mtu akasema imepikwa. Jana nilimpigia shemeji kwa hasira, nikamwuliza ni mume gani asiyemzika mkewe, akajibu taratibu kwamba umeme unayumba, akitoka nani atawasha jenereta, kisha akalia, nami nikalia.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliolala nasi, wafanyakazi wenzake, na shemeji, mwenye kile kiti kitupu, ambaye saa hii yuko peke yake mbele ya ile kompyuta, akiomba kwa moyo wote ubishi ule ashindwe yeye.

Pumzika kwa amani, dada, hesabu yako ina mlinzi.