Sahihi Nyekundu ya Arlys Kinnunen

Ijumaa, tarehe 28 Juni, Arlys Kinnunen anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya kukagua ubora wa vidhibiti joto vya nyumbani hapa kampuni ya Brekkhus, katika mji wenye baridi kali wa Duluth, Marekani.

Alipoajiriwa mwaka 1993, kampuni ilikuwa na watu kumi na wanne na akiba ya mishahara ya wiki tatu. Mzee Brekkhus, mwanzilishi, aliweka sheria moja: hakuna kifaa kitakachotoka ghalani bila sahihi ya Arlys, kwa kalamu nyekundu. Hakuwa anamfanyia hisani. Shehena moja mbovu ingetuzika.

Kisha tukatajirika. Akiba ikafika dola milioni mia mbili, idara zikawa tano, kila moja na mkuu wake na meza yake ya majaribio. Sahihi ya Arlys ikabaki kwenye fomu, lakini kama maoni tu, naye akawekwa chini ya mkuu wa mauzo, Curtis Maddock. Wapo wanaohubiri kwamba fedha huleta ubora. Kwetu zilinunua ruhusa ya kukosea, mteja akabaki na hasara.

Mwaka 2019 toleo jipya la kidhibiti joto lilifaulu kwenye meza zote tano. Arlys, kama kawaida yake, akalipeleka kwenye kibanda chake cha kuvulia samaki juu ya barafu ya ziwa ili alijaribu kwenye baridi halisi, na safari hii akamchukua Maddock. Idara ya betri ilikifanya kifaa kilale ili kutunza chaji. Idara ya mawasiliano ilikiamsha kitume tahadhari kila baridi ilipozidi. Kikalala, kikaamka, kikalala tena, chaji ikaisha, kikafa kabla Arlys hajavua hata samaki mmoja.

"Tutatuma marekebisho baadaye, Bi Arlys," Maddock alisema. "Fedha si tunazo?"

"Bomba la mtu likishapasuka kwa maji kuganda ndani, bwana mdogo, hayo marekebisho utamtumia nani? Bomba?"

Kesho yake Arlys aliambiwa atie sahihi au aondoke. Aliweka kitambulisho mezani, akaenda kula. Bodi ya kampuni, iliposikia yaliyotokea kibandani, ilimrudisha kabla hajamaliza supu. Toleo likacheleweshwa miezi minne na sahihi ikarudishiwa nguvu yake. Ila bodi iliirudisha kwa jina lake, si kwa cheo chake. Ijumaa nguvu hiyo inaondoka naye.

Tulipomuuliza anataka zawadi gani, aliikataa saa ya ukutani. Alisema muda sasa anao wa kutosha. Ameomba mstari mmoja kwenye kanuni za kampuni: mrithi wake, Noel Paquette, awe na sahihi ileile, na mkubwa wake awe mkurugenzi mkuu peke yake. Mpaka tunachapa, bodi haijaupitisha mstari huo.

Asante, Arlys, kwa nyumba zote ambazo hazikuganda na wenyewe hawajui kwa nini. Tunakuombea barafu nene na samaki wenye njaa. Ijumaa bodi nzima itakuwepo ukumbini. Kalamu nyekundu tutaiweka mbele yao, kando ya keki.