Mzee Theuri na Kalamu Iliyosimama Kianyaga

Baada ya miaka ishirini na mmoja ya utumishi, Mzee Moffat Theuri anastaafu leo, tarehe 28 Juni 1985, na kituo chetu cha kupima anga ya juu hapa kilimani Kianyaga kinafungwa pamoja naye. Niliagizwa niandike maneno ya furaha kwa ajili ya hafla. Nimejaribu, jamani. Atakayeona furaha imepungua anisamehe, maana mimi Wacera, karani wa kituo, sina pa kuitoa.

Theuri aliajiriwa mwaka 1964 akitokea karakana ya redio mjini Nyeri. Alikabidhiwa kalamu moja tu. Kalamu hiyo imefungwa kwenye mashine, na huchora mstari kwenye karatasi inayozunguka usiku na mchana. Jua hupuliza upepo wenye umeme. Upepo huo ukiipiga dunia, umeme wa anga ya juu kule karibu na ncha ya kaskazini huvurugika kama Mto Sagana wakati wa mvua, na mtikisiko wake hutufikia hata sisi wa Ikweta. Kuna kituo ndugu huko kwenye baridi. Wao huona fujo inapoanzia, sisi huona inapofikia. Ukiondoa upande mmoja, wa pili unabaki kubahatisha.

Watu wa hapa hawajasahau msimu wa kahawa wa 1968. Asubuhi moja kalamu ilianza kuruka ovyo. Theuri akaapa kwamba ni mota ya kiwanda cha kahawa kilicho bondeni, kwa sababu umeme wake ulikuwa umetusumbua mara nyingi. Akaisimamisha kalamu isiharibu karatasi, akateremka mbio, akamwamuru Ngatia, fundi wa mashine ya kumenya kahawa, azime kila kitu mpaka nyaya zote zikaguliwe. Kufika jioni kahawa ilikuwa inachacha kwenye magunia, na akina mama waliokuwa wameibeba kutoka mashambani wanamwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika katika programu yenye sala. Nyaya zilikuwa nzima. Kumbe ni jua! Dhoruba kubwa iliyosubiriwa miaka yote ilipita juu ya vichwa vyetu, wenzetu wa kaskazini wakaichora yote, na karatasi yetu ikabaki nyeupe.

Theuri alirudi kiwandani kuomba radhi. Ngatia alimjibu jambo ambalo hadi leo hurudiwa sokoni: "Wewe uko na jua yako, mimi niko na kahawa ya watu." Kisha wakaelewana. Tangu siku hiyo, mota ikiwaka, Ngatia hutundika shuka jeupe kwenye paa la kiwanda, ikizimwa, analitoa. Kalamu ikitetemeka, Theuri huchungulia bondeni kwanza. Shuka likiwepo, ni kahawa. Lisipokuwepo, ni jua, na hakuna wa kumwondoa kwenye kiti chake.

Tulimcheka sana kwa tabia hiyo. Siku ya harusi ya binti yake Kabura alitoka kanisani mara tatu kwenda kuangalia shuka, mpaka mkewe, Mama Waithira, akamshika koti na kumkalisha. Lakini kalamu haikusimama tena mikononi mwake. Dhoruba zilizofuata alizinasa, na wenzetu wa kaskazini wakaziweka sambamba na zao.

Alitaka kitu kimoja tu kabla ya kuondoka: mtu wa kushika kalamu. Si kupandishwa cheo, si saa ya ukutani. Aliomba kwa wakubwa, akaomba tena, akajitolea kumfundisha yeyote, hata kuendelea bila kuajiriwa. Akaambiwa ati anga ya juu haina faida kwa wilaya. Inaniuma kuandika hivyo. Jumatatu mafundi walikuja wakakata umeme, na kalamu ikasimama katikati ya mstari. Theuri aliinama akaifunika kwa kitambaa, akatoka nje, akatazama bondeni kwa mazoea. Shuka lilikuwa juu. Ngatia anajua tumefungwa, lakini bado analitundika kila mota ikiwaka. Anasema mkono umezoea. Theuri alilia, nasi tukalia naye.

Mzee Theuri, asante kwa kazi yako yote, hata kwa ile karatasi nyeupe. Nenda kwako salama, Mama Waithira akuone mezani mchana, wajukuu wakuchoshe. Najua mlango wako unaelekea kiwandani. Ukiamka ukaona paa halina shuka, usikimbilie kilimani. Hakuna kitu kinachochora huko. Keti, unywe chai yako, na uliache jua lipite.